Mama anasubiri mtoto wa jicho "akomae", nami sisomi tena ujumbe wa simu

Shikamoo mama,

Mimi ni mwanamke wa miaka 44, nafanya biashara ya dagaa hapa Kibirizi, Kigoma mjini. Nakuandikia kwa ajili ya mama yangu mzazi anayeishi Ujiji, na kidogo kwa ajili yangu.

Mama ana miaka kama 70. Zamani alikuwa anasoma msahafu kwa miwani, halafu kuna kipindi akaanza kusoma bila miwani. Tukasema Mungu mkubwa, macho yamerudi. Furaha haikudumu. Ukungu ukaanza kuingia, kwanza jicho la kulia, sasa yote mawili. Jua likiwa kali ndiyo haoni kabisa, jioni anasema afadhali kidogo. Taa ya bodaboda ikimjia usoni anasimama palepale, maana anaona mwanga umetapakaa kila upande. Chai anamimina nje ya kikombe. Watu anawajua kwa sauti. Ukimtazama kwa karibu, katikati ya jicho la kulia, pale penye weusi, pamekuwa na weupe wa kijivu.

Kila mtu ana lake la kusema. Kaka yangu ni mvuvi. Alimletea matone ya duka la dawa, yale aliyopewa yeye macho yake yalipokuwa mekundu kwa jua na upepo wa ziwani. Mama anayatia kila siku, huu ni mwezi wa tano, kwa sababu yanampoza. Jirani naye anasema ya dukani hayana kitu, tukamue majani tuchanganye na asali mbichi. Kuna na mzee mmoja wa mtaani, aliyepasuliwa zamani, ametuambia tusikimbilie hospitali. Tusubiri mtoto wa jicho akomae kwanza, la sivyo daktari atamrudisha.

Mama mwenyewe hospitali hataki hata kuisikia. Kaka yake, yaani mjomba wangu, alipofuka kabla hajafika miaka 60. Hakuumwa, hakuwa na weupe wowote machoni, alianza tu kujigonga kwenye milango na kuwakanyaga watoto waliokaa chini. Alipopelekwa kupimwa akaambiwa amechelewa, hakuna la kufanya. Kwa hiyo mama anasema macho ya ukoo wetu ndivyo yalivyoandikwa, nuru yake imekwisha, tumwache.

Na mimi nimeanza. Simu naisoma kwa kunyoosha mkono. Wiki iliyopita nilikosea tarakimu moja nikatuma pesa ya mzigo kwa mtu nisiyemjua, na mpaka leo hajarudisha. Machinga wa mtaa wa Mwanga hapa mjini wanauza miwani, lakini wenzangu hapa mwaloni wananionya kwamba nikianza kuvaa, macho yatalegea na sitaweza kuiacha tena. Je, ndiyo naelekea kule kwa mama na mjomba? Mama tumlishe nini? Na kweli tusubiri?

Binti wa Ujiji, Kibirizi

*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kumuuguza mama, na pole kwa pesa iliyopotea.

Kabla sijaeleza lolote, leo hii acheni kumtia mama yale matone, na majani na asali visisogee karibu na macho yake. Baadhi ya matone yanayoondoa wekundu na muwasho upesi yana dawa ya jamii ya steroidi, yaani dawa za kutuliza uvimbe. Mtu anaona nafuu, anaendelea kuyatia, na kumbe dawa hiyo ikitumika muda mrefu bila kusimamiwa inaweza kupandisha presha ndani ya jicho, tena inaweza kuharakisha mtoto wa jicho yule yule mnayemkimbia. Chupa msiitupe. Mwende nayo hospitalini daktari asome jina la dawa, na mmwambie imetumika kwa muda gani. Na kaka naye, kama bado anayatia, aache, apimwe. Ama majani, utomvu wake na maji ya kuchanganyia hubeba bakteria na fangasi. Vikiingia kwenye kioo cha mbele cha jicho vinaleta kidonda, na kidonda kikipona kinaacha kovu. Kovu hilo ni gumu kulitibu kuliko mtoto wa jicho.

Sasa nisikilize vizuri. Kwenye barua yako kuna watu watatu wenye shida tatu tofauti, ambazo nyumbani kwenu mmezifunga kitita kimoja na kukiita macho ya ukoo. Kila moja imekaa sehemu yake ya jicho. Yako inarekebishwa kwa miwani. Ya mama, kwa jinsi ulivyoieleza, inaelekea kuwa ile inayoondolewa kwa upasuaji. Ya mjomba ndiyo isiyorudishwa nyuma, lakini ndiyo hiyo hiyo inayoweza kuzuiwa kwako wewe na ndugu zako.

Mama anasema nuru yake imekwisha. Nuru haitoki jichoni, inaingia. Watu wengi wa kale waliamini jicho hutoa miali inayokwenda kukigusa kitu kinachotazamwa. Ibn al-Haytham, mwanazuoni mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi Kairo miaka kama 1,000 iliyopita, alieleza kinyume chake: mwanga hutoka kwenye kitu na kuingia jichoni. Hilo nataka ulichukue mpaka Ujiji, kwa sababu linabadilisha swali. Hatuulizi nuru ya mama imekwenda wapi. Tunauliza imezuiwa mlango gani.

Mlango wa kwanza ni konea, ngozi angavu iliyofunika mbele ya jicho. Hiyo peke yake hufanya takriban theluthi mbili ya kazi ya kuupinda mwanga ili picha itulie, na ndiyo maana kovu dogo tu juu yake huharibu mengi. Nyuma yake kuna mboni, ule weusi wa katikati, ambao kwa hakika ni tundu. Kwenye jua kali tundu linabana, gizani linapanuka. Nyuma ya mboni kuna lenzi, na hiyo ndiyo inayomalizia kurekebisha picha: ukitazama karibu inanenepa, ukitazama mbali inakuwa bapa. Kisha mwanga unatua kwenye retina, utando mwembamba uliotandazwa nyuma ya jicho, ukiwa na seli fito kama milioni 120 za kuonea gizani na seli koni kama milioni 6 za rangi na vitu vidogo vidogo. Picha inatua hapo kichwa chini miguu juu. Neva ya jicho, yenye nyuzi zipatazo milioni moja, inaibeba hadi ubongoni, na ubongo ndio unaoielewa.

Turudi kwa mama. Weupe ulio ndani ya weusi wa jicho, ukungu, kutawanyika kwa taa za usiku: hayo yanaelekea kwenye lenzi. Protini za lenzi zimepangika kwa namna inayopitisha mwanga. Miaka ikienda, zinashikana na kuwa mawingu. Huyo ndiye mtoto wa jicho. Jua la miaka mingi, sigara, kisukari, kuumia jicho na dawa za steroidi vyote vinamsogeza mbele, lakini hata asiye na lolote kati ya hayo anaweza kumpata kwa uzee tu.

Ule muda aliosoma msahafu bila miwani nao una maelezo. Kiini cha lenzi kilipoanza kuwa kigumu na kizito, kiliongeza nguvu ya kupinda mwanga, kwa hiyo vya karibu vikaonekana vizuri na vya mbali vikapungua. Mlishangilia, na sikulaumuni, lakini ilikuwa dalili ya mwanzo kabisa. Mzee yeyote wa Kigoma anayejisifu kwamba macho yamerudi ujana apelekwe kupimwa mwezi huo huo. Na kuona afadhali jioni kuliko mchana? Juani mboni inabana, na mwanga wote unalazimika kupita katikati, pale penye wingu. Jioni inapanuka, mwanga kidogo unapenya pembeni mwa wingu. Mama hadanganyi wala hatafuti huruma anapowaambia mchana ni mbaya kwake kuliko magharibi.

Fikirieni chemli iliyoshika masizi kwa ndani ya kioo. Utafuta nje mpaka mkono uchoke, utambi unawaka vilevile, mwanga hautoki. Ndiyo maana hakuna tone, jani, asali wala kidonge kinachomwondoa mtoto wa jicho. Wingu lipo ndani ya lenzi. Linatoka kwa kuitoa lenzi yenyewe na kuweka nyingine.

Kuhusu kusubiri akomae, yule mzee hasemi uongo, anasema ya zamani. Wakati huo lenzi ilitolewa nzima nzima, kwa hiyo madaktari walingoja iive, na mgonjwa aliondoka na miwani mizito ya kutisha. Mambo yalianza kubadilika tarehe 29 Novemba 1949, daktari Harold Ridley alipoweka lenzi ya plastiki ndani ya jicho la mgonjwa katika hospitali ya St Thomas' jijini London. Alikuwa ameona marubani wa Vita vya Pili vya Dunia walioingiwa na vipande vya plastiki za ndege zao machoni, na jicho likavivumilia bila kuchachamaa. Wazo likazaliwa hapo. Leo mgonjwa hupigwa ganzi ya jicho tu, daktari anafungua tundu dogo, anatoa lenzi yenye wingu, anaweka ya plastiki inayokaa humo maisha. Mara nyingi kazi yenyewe haifiki nusu saa. Kipimo cha kupasua siyo ukomavu. Ni je, mgonjwa anashindwa maisha yake ya kila siku? Mama anamimina chai nje ya kikombe, ameshavuka hapo. Tena mtoto wa jicho akiachwa mno anakuwa mgumu, upasuaji unakuwa mzito zaidi, na wakati mwingine huvimba na kuleta presha na maumivu makali.

Sasa mjomba, na hapa ndipo moyo wangu uliposhtuka niliposoma barua yako.

Mtu asiye na maumivu wala weupe, anayejigonga milangoni na kukanyaga watoto kwa sababu haoni vya pembeni na vya chini, akaishia kuambiwa amechelewa: hayo ni maelezo ya presha ya macho, yaani glakoma. Ndani ya jicho kuna maji yanayotengenezwa na kutolewa muda wote. Njia ya kutokea ikibana, presha inapanda na kuibana neva inayobeba picha. Kawaida presha hiyo huwa kati ya 10 na 21 kwa vipimo vya milimita za zebaki, ingawa wapo wanaoharibika neva hata presha ikiwa humo, ndiyo maana daktari lazima aitazame neva yenyewe na si namba pekee. Nyuzi za neva zikifa hazifufuki. Zinaanza kufa zile za pembeni, huku katikati mtu akiona vizuri hata kusoma, na kwa kuwa jicho moja linamfichia mwenzake aibu, anaweza kupoteza sehemu kubwa ya uoni bila habari. Ugonjwa huu unatupata zaidi sisi watu weusi, na mapema zaidi. Unatembea pia kwenye damu: aliye na mzazi au ndugu wa tumbo moja mwenye nao yuko kwenye hatari kubwa kuliko mwingine.

Mama na mjomba ni tumbo moja. Kwa hiyo mama anaweza kuwa na mtoto wa jicho na presha kwa pamoja, na miezi mitano ya matone yasiyosimamiwa inaongeza sababu ya kuharakisha. Upasuaji wa lenzi utamsaidia kwa kadiri neva na retina zilivyo hai nyuma yake. Daktari aambiwe habari za mjomba mapema, asiachiwe kuziuliza. Kuna jambo moja linalonipa tumaini: mama bado anaiona taa ya bodaboda inapomjia. Hiyo ni dalili njema kwamba nyuma ya wingu bado kuna kitu kinachopokea.

Na wewe, kaka yako na watoto wa mjomba mliofika miaka 40 mkapimwe presha ya macho hata kama mnaona mpaka upande wa Congo. Ikigundulika mapema, matone ya kila siku, mionzi ya leza au upasuaji hulinda kilichobaki. Matone hayo ni ya maisha. Watu wengi huyaacha kwa kuwa hawaoni tofauti wakiyatia, lakini kazi yake ni kuzuia tu, hayaongezi kuona. Nakuomba, hili lifikishe kwa ukoo mzima, kwenye kikao, kwenye harusi, popote mtakapokutana.

Mkono wako kunyooka ni jambo jepesi zaidi. Kuanzia miaka 40 hivi lenzi ya kila binadamu, msomi na asiyesoma, mvuvi na karani, inaanza kupoteza ulaini wake. Hainenepi tena vya kutosha kwa vitu vya karibu. Si ugonjwa wa mama, wala wa mjomba. Miwani ya kusomea haimlegezi mtu. Lenzi ingeendelea kukakamaa uvae usivae, na wanaosema wameharibiwa na miwani wamehesabu tu miaka waliyoongeza. Ya machinga, ikiwa macho yako mawili yana nguvu sawa, inaweza kukusogeza kwa kusomea ujumbe. Tatizo lake ni kwamba inauzwa bila mtu kukutazama ndani ya jicho, na wewe ni wa ukoo ambao lazima utazamwe. Pimwa kwanza, ununue baadaye. Kabla ya hapo, muombe kijana wako akuhakikishie namba kwenye simu kila unapotuma pesa ya mzigo.

Umeuliza chakula. Seli fito za kuonea gizani zinahitaji vitamini A. George Wald aliigundua kwenye retina mwaka 1933, na mwaka 1967 alikuwa mmoja wa waliopewa Tuzo ya Nobel ya tiba. Watu wakisikia hivyo wanakimbilia karoti, na nyie Kigoma mna mawese! Wekundu wa mawese ni karotini ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini hiyo. Sombe iliyoungwa mawese, maembe, mayai, maboga, na dagaa wakiliwa na vichwa vyao, vyote ni vizuri. Mawese tu usiyaunguze mpaka yapoteze rangi, maana hapo umeichoma karotini yenyewe. Watoto wa miezi 6 hadi miaka 5 wasikose matone ya vitamini A yanayotolewa kila miezi sita. Lakini kwa mama nisikudanganye, hakuna sufuria itakayomfungulia wingu. Mlisheni vizuri kwa afya yake, kisha mumpeleke.

Kaka na wavuvi wenzake wavae kofia pana mchana, na miwani ya jua yenye kinga ya mionzi ya urujuanimno wanaoweza kuipata. Ziwa huwarudishia jua usoni kutoka chini. Kile kinyama kinachoota kutoka pembe ya jicho na kutambaa kuelekea mboni, ambacho kimejaa kwenye macho ya wavuvi, kinaletwa na jua, upepo na vumbi.

Anzeni Maweni, hospitali ya rufaa ya mkoa, mkaulizie kliniki ya macho na siku zake. Ikibidi kwenda mbele zaidi watawaandikia rufaa, kwa mfano kwenda Bugando, Mwanza. Kuhusu gharama, wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo wana haki ya msamaha wa matibabu, kwa hiyo muoneni ofisa ustawi wa jamii wa hospitali, na mtangulie kupata barua ya serikali ya mtaa. Alhamisi ya pili ya Oktoba ni siku ya afya ya macho duniani, na karibu na siku hiyo mara nyingi huwa kuna upimaji wa bure, lakini mama asiingojee kama iko mbali. Akapimwe sukari pia, kwa kuwa kisukari huharibu lenzi na retina, na daktari atataka kiwe kimetulizwa kabla ya kupasua.

Usimwendee na mabishano. Kaa naye umweleze kwamba kaka yake aliharibika neva, ndiyo maana jicho lake lilibaki jeusi na zuri huku haoni, na yeye wingu linaonekana mbele, mahali ambapo mkono wa daktari unafika. Kama Ujiji kuna mama wa rika lake aliyepasuliwa akaona, mlete nyumbani waongee wao wawili. Mtoke nje.

Kwa kawaida watampasua jicho moja kwanza. Akirudi, asilisugue, asiinue ndoo, asikae kwenye moshi wa kuni wala vumbi, na maji yasiingie jichoni kwa muda watakaompa. Matone atakayopewa huko yana mpangilio wake wa wiki kadhaa na yanaweza kuwa na steroidi, lakini hayo ni ya kusimamiwa na yana mwisho. Ayatumie yote kama alivyoelekezwa, na mikono ya anayemtia ioshwe kwa sabuni. Jicho likiuma sana, likizidi wekundu au kuona kukipungua baada ya kuwa kumeongezeka, mrudisheni siku hiyo hiyo, hata usiku.